Wanafunzi 420, makande siku tano: tuboresheje mlo wa shule kwa vyakula vya hapahapa Dodoma?

mwl_zamu:

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kwa wanaolijua jambo hili kwa vitendo.

Shule ya msingi ya kijijini, mkoa wa Dodoma, wanafunzi 420 kuanzia darasa la awali hadi la saba. Mlo ni mmoja tu, saa sita mchana: makande, Jumatatu hadi Ijumaa. Wazazi wanachanga mahindi mwezi Januari, maharage yananunuliwa. Kwa siku zinapikwa kilo 35 za mahindi, kilo 6 za maharage na lita 1 ya mafuta kwa sufuria zote. Maharage hayaivi mpaka mpishi atie magadi. Darasa la kwanza na la pili wanabakiza nusu bakuli. Maji ni ya kisima cha pampu, yana chumvichumvi.

Kamati ya shule inataka tulime bustani ya nusu eka ili tuache kununua maharage na mboga. Maswali yangu:

1. Kiasi gani cha kila kitu kinamtosha mtoto mmoja?
2. Nusu eka itatosha kweli?
3. Lishe ifundishwe vipi ili isiishie kuwa wimbo wa "kula mboga ujenge mwili"?

lishe_kwanza:

Mwalimu, kabla ya jembe anza na hesabu ya bakuli moja. Kilo 6 za maharage kwa watoto 420 ni gramu 14 kila mmoja. Zihesabu punje, ni kama 30 hivi. Lita 1 ya mafuta ni nusu kijiko cha chai kwa mtoto. Hayo ni mahindi ya kuchemsha yaliyoonjeshwa maharage. Tumbo linajaa, lakini mwili haupati cha kujengea.

Kwa mlo mmoja wa mchana lenga hivi kwa mtoto: nafaka gramu 100, jamii ya kunde gramu 40, mafuta gramu 5, chumvi yenye madini joto gramu 3. Hapo unapata takriban kilokalori 540, yaani kati ya robo na theluthi ya mahitaji ya siku ya mtoto wa umri huo. Ongeza mboga za majani gramu 50 angalau mara 3 kwa wiki, na dagaa wakavu gramu 10 mara 2.

Kwa watoto 420, kila siku ni kilo 42 za nafaka, kilo 17 za kunde au maharage, lita 2 na robo za mafuta, kilo 1 na robo ya chumvi. Siku ya mboga ni kilo 21 zilizokwisha chambuliwa. Siku ya dagaa, kilo 4 na kidogo.

Sasa igeuze hesabu hiyo iwe lugha ya mzazi. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto mmoja anahitaji kilo 19 na nusu za nafaka, kilo 8 za kunde, lita 1 ya mafuta na kilo 0.6 ya chumvi. Mahindi ni debe moja na nusu sado. Mzazi akisikia "debe moja na nusu sado, kunde kilo 8, alizeti lita moja, kwa mwaka mzima", anaelewa anachotoa na kwa nini. Akiambiwa "changia chakula", kila mmoja analeta kadiri anavyofikiri.

Halafu badilisheni mwezi. Januari huko kwenu ghala la mzazi limeisha na shambani bado anapalilia. Unamwomba mahindi wakati yeye mwenyewe ananunua. Michango ikusanywe Juni na Julai, mavuno yakiwa ndani, na hapo hapo pokeeni kunde, choroko, mtama na karanga kama mbadala, kilo kwa kilo kwa makubaliano ya mkutano wa kijiji. Kung'ang'ania maharage, ambayo kwenu hayalimwi sana, ndiko kunakowamaliza.

Jambo moja nalisema kwa uzito: mtoto ambaye mzazi wake hajachangia asizuiwe kula. Deni ni la mtu mzima. Mwiteni mzazi achangie kwa kazi, kama kupembua nafaka, kuchota maji au kujenga uzio.

jiko_kuu:

Naongezea upande wa sufuria, maana nafaka ya kutosha inaweza kuharibikia jikoni.

Tatizo la maharage yasiyoiva ni maji kabla ya kuwa mpishi. Maji ya kisima yenye chumvichumvi mara nyingi yana chokaa nyingi, na chokaa hukaza ganda na nyama ya punje. Sababu ya pili ni umri: maharage yaliyokaa ghalani mwaka mzima kwenye joto yanakuwa sugu, hata maji mazuri hayayasaidii sana. Magadi yanayalainisha kweli, lakini yanaua vitamini B1, na yakitiwa kwenye mboga yanamaliza vitamini C. Kwa chakula kinachotegemea mahindi na kunde, hiyo B1 si ya kutupwa.

Fanyeni hivi. Pembueni kilo 17, osheni, lowekeni saa 10 hadi 12 kwenye maji lita 50. Msipitishe saa 12, kwa joto la Dodoma yataanza kuchacha. Mwageni maji ya kuloweka, wekeni mapya, na mkishachemsha acheni yatokote kwa nguvu dakika 10 za mwanzo bila kupunguza moto. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na moto mdogo hauiui. Baada ya hapo punguzeni, funikeni. Nyanya na ndimu zisiingie kabla maharage hayajalainika, maana uchachu unachelewesha kuiva. Chumvi itiwe mwishoni, na ikae kwenye chombo chenye kifuniko mbali na jua, madini joto yasipotee.

Choroko haihitaji kulowekwa, inaiva kama dakika 45. Kunde kama saa moja. Kwa kuni mnazotumia sasa, kubadili kutoka maharage kwenda choroko siku 2 kwa wiki ni nafuu inayoonekana. Na kumbukeni serikali ilikwisha zitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, kwa hiyo chakula kinachoiva haraka kitawafaa hata mkihamia gesi.

Kuhusu wadogo kubakiza: angalia midomo yao. Darasa la kwanza na la pili ndio wanaong'oka meno ya mbele. Punje nzima ya mahindi yenye ganda hawaitafuni, wanaichezea tu. Wapikieni kwenye sufuria yao mahindi yaliyokobolewa, au siku hizo wapewe ugali laini na mchuzi wa kunde zilizopondwapondwa.

Mfano wa wiki: Jumatatu makande ya kunde, Jumanne ugali na mboga za majani zilizotiwa karanga, Jumatano makande ya maharage, Alhamisi ugali, choroko na mboga, na dagaa waliosagwa, Ijumaa ugali na mlenda wenye dagaa. Siku zenye ugali ndizo siku za mboga.

Dagaa waosheni kwa maji matatu, wengi huanikwa mchangani. Kaangeni kavu, twangeni, mnyunyize kwenye mchuzi dakika 10 kabla ya kuepua. Wakitwangwa wazima, mtoto anapata na mifupa, ambayo ndiyo chokaa yake, na hakuna wa kuchagua vichwa na kuvitupa. Msinunue wale wa bei ya chini wanaouzwa kwa ajili ya chakula cha kuku.

Mboga zioshwe kabla ya kukatwa. Zikikatwa kwanza na kulowekwa, vitamini zinaondoka na maji. Dakika 5 hadi 7 jikoni zinatosha mchicha. Kisamvu ni habari nyingine: kitwangwe na kichemke muda mrefu bila kifuniko, kina sumu.

mgani_wa_kata:

Swali la pili nalichukua mimi.

Nusu eka ni mita za mraba 2,000. Ukipanda kunde zote za punje, kwa mvua za Dodoma na utunzaji wa kawaida, tarajia kilo 80 hadi 120. Mahitaji yenu ni kilo 17 kwa siku. Yaani jasho la msimu mzima linawalisha siku 5 hadi 7 tu za shule. Kwa punje, bustani ya shule haiwezi kuchukua nafasi ya wakulima wa kijiji.

Kwa mboga mambo ni afadhali, lakini kuna maji. Kilo 21 mara 3 kwa wiki ni kilo 63. Kitanda cha mchicha cha mita 1 kwa 10 kikitunzwa kinatoa kama kilo 12 baada ya wiki 4. Ukiongeza wiki ya kuandaa udongo, unahitaji vitanda 26 vinavyopishana, 5 hadi 6 vikivunwa kila wiki. Vitanda 26 ni mita za mraba 260, na kila mita inakunywa lita 5 kwa siku wakati wa kiangazi. Jumla lita 1,300, ndoo 65 za lita 20, kila siku, pamoja na Jumamosi, Jumapili na likizo ya Juni. Nani atachota? Bustani nyingi za shule zinafia hapo hapo, wiki ya pili ya likizo.

Ushauri wangu: vitanda 8 tu, viwe vya kuzama, sentimita 15 hadi 20 chini ya usawa wa ardhi. Kitanda kilichoinuliwa kwenye eneo kavu kinapoteza maji pembeni. Ndoo 2 za mboji kwa kila mita ya mraba, matandazo juu, maji yamwagwe chini ya shina jioni na yasiguse majani, maana chumvi ya kisima chenu itaunguza kingo za majani. Mchicha na spinachi vinavumilia chumvi kiasi. Maharage mabichi hayavumilii hata kidogo, msiyapande humo. Vitanda hivyo 8 ni darasa, na theluthi ya mboga.

Theluthi mbili zilizobaki nunueni kwa wakulima 10 hadi 15 wenye visima au mabonde, kwa karatasi iliyosainiwa: kilo ngapi, siku gani, bei gani, na nani anapima. Nanyi lipeni siku mliyoahidi. Mkulima akicheleweshewa malipo mara mbili atapeleka mchicha gulioni, na hamtamlaumu.

Sehemu iliyobaki ya hiyo nusu eka pandeni kunde wakati wa mvua kwa ajili ya majani. Yanaanza kuchumwa wiki 3 hadi 4 baada ya kuota. Yachovyeni kwenye maji yanayochemka dakika 2 hadi 3, yakaushwe kivulini, si juani. Jua kali linakula vitamini A. Kilo 10 mbichi zinabaki kama kilo 1 kavu. Bibi zetu Wagogo wana safwe na ilende, mboga za majani zilizokaushwa, kwa sababu hiyo hiyo, na wao ndio walimu wazuri wa somo hili kuliko mimi.

Kama kuna kipande chenye unyevu, wekeni viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mbegu kama Kabode au Mataya. Marando ya sentimita 30, theluthi mbili zizikwe, sentimita 30 kati ya shina na shina, mita 1 kati ya tuta na tuta. Miezi 4 hadi 5 mnavuna. Udongo ukipasuka juu ya tuta, funikeni nyufa mara moja, fukusi huingilia hapo. Gramu 125 za kiazi cha rangi ya chungwa zinaweza kumtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku. Kosa la kawaida ni kuvuna vyote na kukosa marando msimu ujao: tunzeni kitalu kidogo karibu na bomba mwaka mzima.

ghala_salama:

Sijaona mtu akitaja ghala, na mkikusanya Juni mtakuwa mnalala na tani 8 za nafaka na tani 3 za kunde. Ndugu zangu, Dodoma na Manyara mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu ya mahindi. Haionekani kwa macho, haina harufu, na kupika hakuiondoi.

Debe la kila mzazi lipimwe kabla halijamwagwa kwenye rundo. Debe moja bichi linaharibu gunia zima. Chukua chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, tia vijiko 3 vya chumvi kavu na mahindi theluthi ya chupa, tikisa dakika chache, iache dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15: mzazi akaanike tena, kwenye turubai, si ardhini. Chumvi ikibaki chini imetawanyika, pokea. Kwa kuhifadhi muda mrefu mnataka asilimia 13 au chini yake.

Ondoeni punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu. Karanga ndizo hatari zaidi, punje iliyobadilika rangi au kukunjamana itupwe, isipewe hata kuku.

Hifadhini kwenye mifuko ya tabaka tatu, ile inayoitwa Kinga Njaa. Ilibuniwa kwanza kwa ajili ya kunde. Bana hewa itoke yote, funga kila tabaka peke yake. Wadudu wanakosa hewa na kufa, hata dumuzi, bila dawa, na kwa chakula cha watoto ni vizuri dawa isiwepo. Vichaga sentimita 15 kutoka sakafuni, nusu mita kutoka ukutani, panya wasipate daraja.

Na hapa natofautiana kidogo na wanaopendekeza dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, kila mahali. Dona ina virutubisho zaidi, ni kweli, lakini sumukuvu ikiwepo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na dona inabaki navyo vyote. Mahindi ambayo hamna hakika nayo, yakikobolewa ni salama kuliko dona.

lishe_kwanza:

Nakubaliana na ghala_salama kwa sharti moja: tusikimbilie sembe tukaacha kupembua. Kukoboa kunapunguza sumu, hakuimalizi, na kunaondoa madini chuma na vitamini B kwa hakika. Kwa mahindi yaliyopimwa kwa chupa na kupembuliwa, dona iwe ndiyo kawaida. Sagisheni ya wiki mbili tu, mafuta ya kiini yanachacha. Unga wa uwele unawahi zaidi, siku chache unakuwa mchungu, usagishwe wa wiki.

Mtama mweupe kama Macia au Tegemeo unafaa zaidi kwa shule kuliko mwekundu, kwa kuwa ule mwekundu mara nyingi una ukakasi unaozuia madini chuma yasifyonzwe. Anzeni na sehemu 1 ya mtama kwa 3 za mahindi, mkipandisha polepole. Ukibadilisha ghafla watakataa, na utaambiwa mtama haufai.

Mkipata uwezo wa uji wa saa nne: gramu 50 za unga kwa mtoto, kilo 21 kwa maji lita 130 hadi 150. Tafadhali msisage mahindi, soya, karanga na dagaa pamoja na kuuita unga wa lishe. Soya mbichi inazuia protini isisagike tumboni, na karanga zinachachisha unga wote. Pikeni uji wa nafaka, kisha mtie karanga zilizokaangwa na kusagwa, kilo 4, dakika 5 za mwisho.

Chai isiandamane na mlo. Badala yake kipande cha pera, papai au chungwa: vitamini C yake inafungua madini chuma ya kunde.

Sasa swali la tatu. Mafundisho yawe ni vipimo. Darasa la sita wapime kwenye mizani gramu 14 na gramu 40 za maharage, waviweke kwenye bakuli mbili, na bakuli hizo ziwekwe mezani siku ya mkutano wa wazazi. Haihitaji hotuba. Darasa la saba wasimamie chupa ya chumvi siku za kupokea michango, hiyo ni sayansi. Darasa la tano wachukue glasi mbili, moja ya mafuta ya uvuguvugu, nyingine ya maji ya uvuguvugu, watie kiazi lishe kilichoparuzwa katika zote mbili. Baada ya nusu saa mafuta yatakuwa yamegeuka rangi ya chungwa, maji yatabadilika kidogo tu. Mtoto aliyeona hilo anajua kwa nini mboga inatiwa mafuta, na atamwambia mama yake. Kibuyu chirizi na sabuni viwe njiani kuelekea jikoni, mtoto avipitie bila kutumwa.

mwl_zamu:

Nashukuru sana wakuu. Gramu 14 zimeniuma. Bakuli mbili nitaziweka mezani mkutano ujao. Swali moja: tenki la mvua hatuna, kuna bati la nyumba ya mwalimu lenye mfereji na pipa la lita 200. Litasaidia chochote kwa maharage?

jiko_kuu:

Litakupa jibu, Mwalimu. Chukua maharage ya gunia moja, kilo 1 loweka na upike kwa maji ya kisima, kilo 1 kwa maji ya mvua, sufuria zinazofanana, moto uleule, bila magadi. Andika dakika. Ya mvua yakiiva mapema kwa tofauti kubwa, tatizo ni maji, na pipa lako linatosha siku 2 za maharage: lita 50 za kuloweka na 50 za kupikia kila siku. Zote zikichelewa, maharage ni ya zamani, badilisheni muuzaji au hamieni kunde.

Ikithibitika ni maji, ongeeni na kamati kuhusu bati la darasa. Paa la mita 8 kwa 20, kwa mvua za milimita 570 hivi kwa mwaka, linaweza kukusanya zaidi ya lita 70,000. Hata mkipika maharage siku 3 kwa wiki, yanakula lita 300, kama 12,000 kwa mwaka mzima wa masomo. Tenki la lita 10,000 linakaribia kabisa. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, yanasafisha vumbi la bati.

Ukimaliza jaribio tuwekee dakika za kila sufuria hapa, na mwezi maharage yalipovunwa kama muuzaji anaujua.